Jioni ya Mize

Katika mji ambao hakuna aliyepata kuuona mlango wake, jioni haiji yenyewe. Huletwa. Huletwa na watu wanaokaa kutwa ndani ya Jumba lililo katikati ya mji wakiipepea Saa, kwa kuwa Saa ya mji ule ina moto, na ikikosa upepo huzidiwa na joto lake ikasimama, na ikisimama mchana hauishi. Wanasema iliwahi kusimama mara moja. Mchana ule ulikaa mpaka watoto wakaota ndevu, na wali uliobandikwa na kina mama ukaja kuepuliwa na wajukuu zao. Tangu hapo Jumba halikukosa wapepeaji, na wapepeaji hawakukosa maumivu ya mabega.

Makame alikuwa mmoja wao. Nasema Makame ili tuelewane, msomaji wangu, maana mle Jumbani hakuitwa hivyo. Aliitwa Kushoto, kwa kiti chake. Aliyeketi kiti cha pili yake aliitwa Kulia, na huyo jina lake hasa ni Mize, mwanamke wa makamo, mpweke, jirani yake wa ua kwa ua. Pepeo zao zilikuwa za ukubwa mmoja. Ngazi walizopanda asubuhi zilikuwa zile zile. Msimamizi aliwakaripia wote kwa sauti moja, na Saa iliwaunguza nyuso zote kwa joto moja. Lishike hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kumtesa Makame kuliko njaa: kwamba hakukuwa na tofauti.

Ikifika jioni, yaani jioni ile waliyoileta wao wenyewe kwa mikono yao, Makame hushuka ngazi akiwa amebeba mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hufika nyumbani, humwamkia mama yake, Bi Mgeni, kisha huketi. Basi. Kule kuketi ndiko kulikuwa mwisho wa habari. "Napumzika kidogo tu, mama," husema, na kidogo hicho kilikuwa kirefu, kilikuwa na vyumba na korido, mtu angeweza kuingia humo akapotea. Kutwa nzima ameipepea Saa ili jioni ije, na jioni ikija inamkuta hana mikono ya kuipokea.

Jioni ni ya nani? Swali hilo lilimwingia kichwani kama mdudu wa sikio. Ni ya Saa, maana Saa ndiyo inayoigonga? Ni ya anayeipepea? Kama ni yangu mbona inapita mbele yangu wala hainisalimu? Labda mtu huzaliwa na jioni zake, kama meno, na zangu ziling'oka. Labda kuna mtu anazichukua. Ndiyo. Labda kuna mtu anazichukua.

Lazima sasa nikueleze kuhusu Siku ya Kutandika. Siku hiyo wasimamizi ndio huipepea Saa, na viti vyote vya mji hufungiwa, mawe hufagiliwa, hata vibaraza hutiwa miiba. Kila mtu huleta uwanjani mkeka aliousuka kwa jioni zake mwenyewe, akautandika, akaketi juu yake na mzazi wake, na mnadi akapita akawaita kwa majina yao. Mkeka wa kununua haufai kitu, ukitandikwa hujikunja wenyewe mbele za watu. Na asiye na mkeka husimama. Husimama toka Saa inapoamka mpaka inapolala, yeye na mzazi wake, na hakuna anayewaita.

Bi Mgeni alikuwa na mkeka wake zamani, mkeka wa sifa. Siku mumewe alipofariki alimlaza juu yake, ukaenda naye. Sasa vidole vyake vimejikunja, havisuki tena, na miaka yote amekuwa akisimama uwanjani ubavuni pa mwanawe. Mwaka uliopita magoti yalimwishia kabla ya adhuhuri. Makame alimshika makwapani akamsimamisha mpaka jua likatua, huku wenye mikeka wakitazama pembeni kwa adabu. Njiani kurudi mama alisema neno moja tu.

"Mwaka kesho, mwanangu, mimi sisimami. Nitaketi, au nitalala."

Na si kwamba hakumpa pa kuanzia. Katika mji ule hakuna ajianziaye ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa jioni baada ya jioni, kisha ukashonwa mkeka. Mwanzo wake hutolewa na mkono mwingine. Bi Mgeni, vidole vyake vikiwa bado vizima, alimsukia mwanawe mwanzo wa shibiri moja akamkabidhi. Makame aliushukuru sana. Akaupachika kwenye dari ya jiko, juu ya moshi, akisema ataushusha siku atakayokuwa amepumzika. Uko huko.

Upande wa pili wa ua, Mize alikuwa anasuka.

Macho hayana pazia, na ua wa makuti una matundu. Kila jioni Makame aliketi kwenye kigoda chake akatazama. Alimwona Mize akirudi na mikono yake iliyokufa, akipita moja kwa moja kisimani bila kuvua hata viatu, akirudi na maji, akilowesha ukindu wake mwekundu, ndipo akaketi. Kisha ukili ukaanza kutoka vidoleni mwake, mwekundu, mwembamba, ukiteremka magotini, ukijiviringa sakafuni. Siku nyingine ulitoka urefu wa mkono. Siku nyingine wa kidole. Lakini ulitoka. Bunda lake likanenepa mpaka likawa kubwa kuliko kinu, na kila liliponenepa Makame alihisi kitu kikipungua kwake, kifuani hapa, upande wa kushoto. Alikuwa na kijiba cha roho, na wala sitakificha kwa maneno mazuri. Alimwonea wivu kwa ukili. Alimwonea wivu kwa jinsi alivyokata ukindu kwa meno. Alimwonea wivu kwa kupiga miayo, kwa sababu miayo ya Mize ilikuwa miayo ya mtu aliyefanya kitu.

Siku moja, Saa ikiwa imetulia na msimamizi yuko mbali, alimuuliza kwa jina lake la nyumbani.

"Dada Mize, hebu niambie kweli. Unakula nini?"

"Nakula nini tena, kaka Makame? Muhogo, kama wewe."

"Basi unatoa wapi nguvu? Tunatoka wote hapa tumekwisha."

Mize akacheka. "Nguvu? Mimi sina nguvu. Nikifika nalowesha ukindu kabla sijakaa. Nikishakaa ukindu ukiwa mkavu, siamki. Lakini ukindu ukishalowa haungoji mtu, utaoza. Nitafanyaje? Nasuka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Makame akageukia Saa akapepea kwa hasira. Hivyo tu! Mtu akikuuliza siri yako unamjibu habari za maji? Alikuwa na hakika anafichwa. Mwenye wivu, ukimpa ufunguo wa nyumba, atakuuliza mlango halisi uko wapi.

Jioni ile Mize alipokwenda kisimani, Makame hakuketi. Alipenya kwenye pengo la ua, akaingia chumbani kwa jirani yake, akalikuta bunda la ukili limetulia pembeni kama mtoto aliyelala. Alikuja kutazama tu, ndivyo alivyojiambia. Akaushika mwisho wake, ule uliosukwa jana, ungali na unyevu. Akauvuta uchane mmoja wa ukindu. Ukatoka. Akauvuta wa pili. Na vidole vyake, vile vile vilivyokuwa havina uhai wa kufunga kishikizo, vikaanza kukimbia.

Alifumua urefu wa mkono mzima kabla Mize hajarudi. Akazikumbatia zile chane nyekundu, akapenya tena uani, akazisukuma chini ya kitanda chake. Alikuwa akitweta. Hakuwa amechoka hata kidogo.

Akarudi kesho yake. Akarudi na kesho kutwa. Sasa aliipepea Saa kwa moyo ili jioni ifike upesi, hata msimamizi akamsifu, akasema Kushoto amepata akili. Ngazi alizishuka mbili mbili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Makame alikuwa na kazi yake mwenyewe, baada ya kazi ya watu.

Na ukili ule, msomaji wangu, haukuwa ukindu peke yake. Kila mkono aliofumua ulimfungukia jioni iliyosukwa humo. Alifumua jana akaiona jana ya Mize. Alifumua juzi, akafumua mwezi, akateremka nyuma katika jioni za mwanamke yule kama mtu anayeshuka kisima kwa kamba, na kila aliposhuka alitarajia kukuta mahali nguvu ilipokuwa imefichwa. Hakuikuta. Alikuta jioni ya homa, ukili ukiwa umekazwa mno kwa meno yaliyosagana. Alikuta jioni aliyolia, na chane pale zilikuwa zimefifia rangi. Alikuta mahali palipolegea, palipopinda, akajua hapa alisinzia akisuka, kichwa kikaanguka, akazinduka akaendelea pale pale bila kurekebisha. Mahali kama hapo palikuwa pengi. Palikuwa pengi mno! Jioni za Mize zilikuwa jioni zile zile alizokuwa nazo yeye, chakavu, nzito, zenye mikono inayoning'inia. Ungedhani hilo lingempoza roho. Halikumpoza. Angalau mtu akikuzidi nguvu una la kujitetea. Sasa akaanza kumwonea wivu hata kwa uchovu wake, kwa sababu wa kwake yeye haukuwahi kuacha alama popote.

Wakati mwingine alipokuwa humo ndani ya jioni isiyo yake alisahau yeye ni nani. Mtu alipita nje akaita, "Mize!" naye akaitika. Aliitika vizuri tu, akaona jina limemkaa. Kisha akatazama vidole vyake akavikuta vyekundu.

Rangi ile haikutoka kwa maji wala kwa majivu. Ukiwa kitini Jumbani huwezi kuficha vidole, maana upepeo hushikwa mbele. Mize akavitazama. Akavitazama kwa muda, pepeo zao zikipanda na kushuka pamoja.

"Vidole vyako vimekuwa vyekundu, kaka Makame. Umeanza kusuka?"

"Nimeanza," akasema Makame.

"Alhamdulillahi," akasema Mize taratibu.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu yalikuwa ya furaha. Bi Mgeni naye aliviona vile vidole. Akavichukua katika viganja vyake vilivyokunjamana, akavinusa, akasikia harufu ya ukindu uliolowa, harufu ya ujana wake.

"Unasuka, mwanangu!"

"Ninasuka, mama."

"Unasukia wapi? Mbona sikuoni?"

"Nasukia... nje. Utauona siku yenyewe."

Machozi yakamlenga mama. Tokea siku ile akawa anawaambia wapita njia mlangoni, hata wasiomuuliza, kwamba mwaka huu ataketi. Alifua kanga zake za doti akaziweka mchagoni, upande wa kichwa wa kitanda chake. Akawa anafanya mazoezi ya kukaa chini na kunyanyuka, akishika ukuta, akicheka peke yake. Makame alimsikia kutoka chumbani, akiwa amelala juu ya chane za watu. Alitaka kusema. Lakini uongo wake ulikuwa umekwisha kuwa furaha pekee ya mama yake, akakosa ujasiri wa kuugusa.

Mkesha wa Siku ya Kutandika, jua likiwa bado juu ya paa za nyumba, Mize akiwa kisimani, alipenya uani kwa mara ya mwisho. Bunda lilikuwa limekonda. Mize alisuka kila jioni na yeye alifumua kila jioni, na mfumuaji ana mbio kuliko msukaji, hilo halihitaji mwalimu. Makame alitaka kujua kimebaki kiasi gani. Akalikunjua bunda zima chumbani mpaka akafika katikati yake, kwenye shibiri ya kwanza, mahali ukili ulipozaliwa.

Ile shibiri haikusukwa na Mize. Ilisukwa kuelekea kushoto. Mji mzima husuka kuelekea kulia isipokuwa mtu mmoja aliyezaliwa na shoto, na Makame aliujua mkono ule kabla hajajua kusema. Mwanzo wa Mize ulikuwa umetolewa na mama yake.

Alirudi nyumbani mbio. Bi Mgeni alikuwa anakunja kanga.

"Ulimwanzia Mize!"

"Nilimwanzia, ndiyo. Hana mama yule. Alikuja akapiga hodi akaniomba, nami ningemnyima?"

"Mimi ndiye mwanao!"

"Na wewe nilikuanzia, Makame. Siku ile ile. Nilikaa hapa nikasuka mbili, moja baada ya nyingine, na ya kwanza ilikuwa yako." Akamtazama kwa mshangao. "Si ndiyo hiyo unayoisuka?"

Makame akaenda jikoni. Akainua mkono darini, akaigusa shibiri yake. Moshi ulikuwa umeikausha. Ilivunjikia mkononi, ikaanguka vipande vipande juu ya mafiga, na kutoka chumba cha pili mama yake alikuwa anaimba kidogo kidogo.

Jua la Siku ya Kutandika lilipotoka walikwenda uwanjani. Bi Mgeni alitembea mbele. Makame alimfuata mikono mitupu, na mama hakugeuka nyuma, labda kwa imani, labda kwa kuwa alikwisha kujua. Mimi niliyekwisha kukuambia mengi, hili silijui. Watu walikuwa wakitandika. Uwanja ulijaa rangi, ukajaa majina yakiitwa. Bi Mgeni akasimama mahali pake pa miaka yote, akashusha pumzi, ndipo akageuka. Akavitazama vile vidole vyekundu, na mikono ile isiyo na kitu. Magoti yake yakaanza kutetemeka.

Mize akaja. Chini ya kwapa lake alikuwa na mkeka, naye alikuwa ameushona usiku kucha kwa ukili aliobakiwa nao. Akautandika mbele ya Bi Mgeni. Ulikuwa mdogo, mkeka wa mtu mmoja, na huyo mtu awe mwembamba.

"Shikamoo, mama," akasema. "Karibu uketi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini ni wako huo."

"Ndio mkono wako huo hapo katikati. Kaa."

Bi Mgeni akaketi. Alishuka polepole, kama alivyofanya mazoezi, akakunja miguu yake upande, akaweka viganja juu ya ukindu mwekundu akaupapasa. Mnadi akafika.

"Mama huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Mize. "Ndiye aliyenianzia."

"Mgeni, mama wa Mize!" mnadi akaita, sauti ikazunguka uwanja mzima, ikapokelewa na watu, ikarudi. Bi Mgeni akafumba macho kuisikiliza. Makame alihisi jina lile likimpita kifuani, pale pale palipokuwa pakipungua. Mama yake ameitwa, ameketi, na yeye hakutajwa katika hilo hata kwa herufi. Aliwahi kumwonea mtu wivu kwa vitu vingi, ila hakupata kujua kwamba unaweza kumwonea mtu wivu kwa mama yako mwenyewe.

Mkeka haukuwa na nafasi ya pili. Mize akarudi nyuma akasimama, bega kwa bega na Makame, kama wanavyokaa Jumbani, yeye kulia na mwenzake kushoto. Jua likapanda. Baada ya muda mrefu akasema bila kumtazama:

"Nilikuwa nasema moyoni, atachoka tu. Mtu anayetoka kupepea Saa atafumua jioni ngapi? Lakini hukuchoka, kaka Makame."

Makame akavificha vidole vyake makwapani.

"Ukili ulikuwa unatosha mkeka wa watatu," akasema Mize. "Nilipima. Mimi hapa, mama katikati, na wewe upande ule."

Wakasimama mpaka Saa ilipolala. Mize alisimama vizuri, hakuegemea, hakulalamika, na Makame alimwonea wivu hata kwa kusimama kwake.

Kesho yake wapepeaji walirudi Jumbani. Wakapepea. Jioni ikaja, Makame akashuka ngazi mikono ikiwa mizito kuliko siku zote, na zile mbio zilizomchukua kila siku kwenda uani hazikuwepo, wala nguvu nyingine haikuja mahali pake. Alifika mlangoni. Kigoda kilikuwa pale pale. Alikitamani kama maji. Akakipita, akaenda kisimani, akarudi, akazivuta zile chane zilizojikunja kutoka chini ya kitanda, akazitumbukiza zote ndani ya beseni. Maji yakawa mekundu. Ndipo akaketi, na alipokwisha kuketi hakutaka kuamka tena maisha yake yote, lakini ukindu ulikuwa umekwisha kulowa.

"Huo wa nani?" mama yake akauliza kutoka kitandani. Hakuwa ameinuka siku nzima.

"Wa Mize, mama. Kwanza wa Mize. Nikimaliza nitakuja uniambie nani atanianzia wa kwetu."

Mama hakujibu, na Makame hakuthubutu kwenda kuona kama amelala. Asubuhi alikuwa amemwomba Mize mwanzo wa kumsukia alichofumua, naye akampa; sasa akaushika mwanzo huo, akaanza kusuka. Alisuka vibaya. Upande wa pili wa ua Mize alikuwa anasuka vizuri, alimsikia, na kijiba kilikuwa kifuani mahali pake, hakikuhama. Mahali fulani kichwa kikamwangukia, akazinduka, akaona ukili umelegea umepinda. Hakuurekebisha. Akaendelea pale pale, ili siku mtu akija kuufumua ajue jioni ile palikuwa na mtu.